Heliamu ya Rukwa na jokofu la kwantamu

Tangu mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walipotangaza kuwa bonde la Rukwa lina heliamu nyingi, watu wamekuwa wakisema Tanzania itazipoza kompyuta za kwantamu. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Nusu ya pili inadai tuifungue mashine yenyewe.

Kwanza ardhi. Sehemu ya nchi imekaa juu ya kratoni ya Tanzania, yaani miamba mikongwe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Urani na thoriamu zilizomo humo huoza polepole, na kila chembe ya alfa inayotoka hunasa elektroni mbili ikawa atomu ya heliamu. Gesi hukaa mwambani hadi joto liifungue. Zamani heliamu ilipatikana kwa bahati, watu wakichimba gesi asilia. Kundi hili liliwaza kinyume, likafuata mahali ambapo volkano za Bonde la Ufa zinaupasha mwamba mkongwe, likapima gesi inayobubujika kwenye chemchemi. Kwangu mimi, huo ndio ufundi wa kazi yao.

Sasa jokofu. Saketi za kubiti, yaani vipande vinavyofanya hesabu ndani ya kompyuta ya kwantamu, mara nyingi hutengenezwa kwa alumini, ambayo hupoteza ukinzani wote chini ya kelvini 1.2. Mbona basi hupozwa hadi kelvini 0.02 au chini yake? Kubiti ya kawaida hufanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 5 hivi, na nishati yake ni sawa na joto la kelvini 0.24 tu. Kwenye kelvini 1, joto lenyewe lingeigeuzageuza kabla hujaandika chochote. John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, yaani Mwingereza, Mfaransa na Mmarekani waliofanya kazi pamoja Berkeley miaka ya 1984 na 1985, walihitaji baridi ya namna hiyo ili kuonyesha kuwa saketi nzima inaweza kufuata kanuni za kwantamu. Walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2025.

Baridi hiyo hutokana na mchanganyiko wa aina mbili za heliamu, heliamu-3 iliyo nyepesi na heliamu-4 iliyo nzito. Chini ya kelvini 0.87 hivi mchanganyiko hujitenga tabaka mbili, na hata karibu na sifuri tabaka la chini hubaki na heliamu-3 kama asilimia 6.6. Pampu ikiinyonya hiyo, nyingine hushuka kutoka juu kujaza pengo, na katika kuvuka mpaka hubeba joto, kama maji yanayovuja kwenye ngozi ya mtungi yanavyoupoza.

Shida ni hiyo heliamu-3. Katika gesi ya mwamba mkongwe, atomu zake ni chache tu kwa kila milioni 100. Inayouzwa hutoka kwa sehemu kubwa kwenye tritiamu ya akiba za silaha za nyuklia, ambayo nusu yake huoza kila miaka 12.3. Heliamu-4, tuliyo nayo sisi, jokofu la kisasa huizungusha ileile ndani ya mfumo uliofungwa, hivyo haliimalizi.

Kwa hiyo mnunuzi wa kutazamiwa wa gesi ya Rukwa ni hospitali yenye mashine ya MRI na kiwanda cha chipu. Maabara za kwantamu zitanunua kidogo, na zitaendelea kuitafuta heliamu-3 kwa wenye tritiamu.