Trésor Mputu hakushindwa juu alibaki



Kila mara tukianza kuongelea mupira hapa Hombo, upande wetu wa Walikale ao ngambo ya daraja upande wa Kalehe, jina la Trésor Mputu linatoka. Na kila mara kuna mutu anafunga mabishano na neno moja: alikuwa na kipaji, lakini hakufika Ulaya. Watu wanatikisa kichwa, mambo imeisha. Mimi naona ile hukumu si ya haki. Mputu ana kosa, lakini si ile.

Tuangalie kwanza kazi yake. Alizaliwa Kinshasa 1985, akaingia TP Mazembe ya Lubumbashi angali kijana kabisa, akakomalia pale. Alikuwa anachukua mupira nyuma kidogo ya mushambuliaji, anageuka, anaenda nao mbele ya mabeki. Hapo beki alikuwa na shida mbili: akimufuata, pasi inapita, akibaki, Mputu anapiga mwenyewe.

Mwaka 2009 njo mwaka wake. Mwezi wa 3, Kongo ilibeba CHAN ya kwanza kule Abidjan, 2-0 mbele ya Ghana. CHAN ni kombe la wale wanacheza ku inchi yao tu. Kama wote wangekuwa wameenda, hatungelipata. Mwezi wa 11, Mazembe ilipoteza 2-1 kule Nigeria kwa Heartland, ikashinda 1-0 Lubumbashi, ikabeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa sababu ya lile bao la ugenini. Mara ya mwisho ilikuwa 1968! Miaka 41 wazee walikuwa wanatusimulia Englebert kama hadisi, na kizazi cha Mputu kikaileta tena mbele ya macho. Kisha CAF ikamutaja muchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanacheza ku bara lenyewe.

Sasa mutu aniambie: ile ni kushindwa? Wangapi wa kwetu walienda Ulaya, wakakaa ku banki ya akiba miaka tatu, wakarudi bila mutu kukumbuka goli moja yao?

Lakini tusidanganyane pia upande wa pili. Kuna wenye kusema Mputu alibaki juu ya kupenda inchi, basi na sisi vijana tubaki. Pole pole. Mputu alibaki mahali palikuwa na mushahara, muganga, kiwanja cha kufanyia mazoezi, na mukubwa wa ekipe, Moïse Katumbi, mwenye alikuwa anatia pesa yake ndani. Kubaki kulikuwa na maana kwa sababu kulikuwa kitu cha kubakia. Mimi nilisoma kilimo. Muhogo mwenye mbegu nzuri ukiupanda ku udongo umechoka, bila kuutunza, hauzai vizuri. Na hatusemi ni kosa la mbegu. Mwenye kumuambia musomi wa Walikale «baki» bila kumupa kazi wala barabara, anamuomba afanye kitu Mputu mwenyewe hakufanya.

Kosa lake la kweli liko wapi basi? Liko Kigali, mwezi wa 5 mwaka 2010. Ku mechi ya Kombe la Kagame, Mputu na mwenzake Guy Lusadisu walimushambulia mwamuzi. FIFA ikamufungia mwaka muzima. Angalieni sasa bei yake. Mazembe ilibeba tena Ligi ya Mabingwa bila yeye, Espérance ya Tunis wakala 5-0 Lubumbashi. Mwezi wa 12 wakafika Abu Dhabi ku Kombe la Dunia la klabu: Pachuca 1-0, Internacional ya Brazil 2-0, na finali na Inter ya Milan. Ilikuwa mara ya kwanza ekipe ya inje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika finali. Dunia nzima ikamuona Kidiaba anarukaruka na matako ku majani. Inter ilishinda 3-0. Mputu, muchezaji bora wa Afrika wa mwaka wa mbele, hakuwa uwanjani.

Ulaya ilikuja kumukuta palepale alipokuwa anacheza, ku finali. Na ni mukono wake mwenyewe ulimufungia mulango, hakuna agenti wala viza ndani.

Alirudi kucheza, ndiyo. CAN 2013, Ghana ikituongoza 2-0, ni yeye alirudisha goli ya kwanza, Mbokani akasawazisha na penalti. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini Abu Dhabi haikurudi.

Kwa hiyo wakati vijana wetu wanazunguka mwamuzi ku kiwanja, na sisi wakubwa tunacheka kando, tuwasimulie hii. Na wakati musomi amerudi hapa kwetu kutumika, tusimuulize kwa nini hakufika Kinshasa ao Ulaya. Tumuulize anafanya nini, na sisi tumemuwekea nini cha kumusaidia.

Wenye hawakubali, waandike hapa chini. Niko nawasoma.