Kufungua Gereza Hakutoshi: Kusadikika Ikisomwa Arua na Koboko

Kila mwaka tunapofika kwenye riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, wanafunzi wetu hulijibu swali la dhamira kwa maneno yaleyale: haki hushinda dhuluma. Nasi walimu huweka alama ya vyema, kisha tukaendelea na fani. Katika makala haya tunanuia kulirudia jibu hilo na kulipima kwa historia ya Arua na Koboko, kule West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Tunaona kwamba jibu hilo si kosa, ila limefika nusu ya njia tu.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaisoma kazi hii iliyotoka mwaka 1951, tueleze kwa ufupi. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ambao kila mmoja alitumwa upande wake kutafuta mema ya kuifaa nchi. Kila aliyerudi alitiwa gerezani. Mwishoni Karama anashinda na wajumbe wanafunguliwa.

Ubora wa riwaya hii uko wazi. Mwandishi anaonyesha kwamba nchi inayoadhibu hujiadhibu yenyewe. Wajumbe walipofungwa, ilifungwa pamoja nao faida yote waliyoileta. Hata hivyo, kuna jambo ambalo mhakiki hana budi kulitaja: wafungwa wote wa Kusadikika hawana hatia. Kumfungulia asiye na hatia ni haki iliyo nyepesi kuitambua. Je, tufanyeje pale ambapo wenye hatia na wasio na hatia wametoka kijiji kimoja, wanasema lugha moja, na wote wamekwisha kuadhibiwa kwa pamoja?

Hilo ndilo swali la Koboko. Idi Amin, aliyetwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, alikuwa na asili ya Kakwa, na Koboko ni nchi ya Wakakwa. Katika miaka yake minane watu wengi waliuawa, wakiwamo askari wa Acholi na Lango waliochinjwa kambini mwanzoni kabisa mwa utawala huo. Watu wa West Nile nao hawakusalimika. Mwaka 1974 Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa na maiti yake ikaokotwa mtoni. Pamoja na hayo, Amin alipoangushwa mwezi wa Aprili 1979, wengi waliona kwamba kosa ni la eneo zima. Mwaka 1980, baada ya askari wa zamani wa Amin kushambulia kutoka ng'ambo ya mpaka, jeshi jipya la serikali, UNLA, lililipiza kisasi kwa raia. Watu kwa malaki walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 makumi ya raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa hapo hapo.

Sisi watu wa lugha tuna sehemu yetu ya kujihoji hapa. Methali tunayoifundisha darasani, "Samaki mmoja akioza wote huoza", ndiyo hoja ya kila anayeadhibu umati kwa kosa la mmoja. Neno "nduli", lililoenea Tanzania wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, lilimfaa aliyepewa. Lakini jina la namna hiyo halikawii kumwangukia jirani yake na mtoto wa jirani yake. Kiswahili chenyewe kiliadhibiwa. Kwa kuwa kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi ya KAR, na kwa kuwa Amin ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, Waganda wengi walikihesabu kuwa lugha ya bunduki. Watu wa Kampala waliokuwa hawajui sentensi moja ya Kiswahili walilijua agizo la "panda gari", ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilimaanisha kukamatwa na kupakiwa katika lori la askari. Lugha iliyosikika kwa hali ya kuamuru tu haiwezi kupendwa.

Adhabu hiyo ya jumla ilizaa nini? Haikuzaa utulivu. Ilizaa vikundi vya waasi, kimoja baada ya kingine: UNRF, kisha katika miaka ya 1990 West Nile Bank Front na UNRF II. Kijana aliyekwisha kuhesabiwa kuwa mwasi kwa kuzaliwa kwake hakuwa na cha kupoteza kwa kuwa mwasi kweli.

Mambo yalianza kubadilika njia nyingine ilipojaribiwa. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimruhusu mpiganaji kuweka silaha chini, kuukana uasi na kupewa hati, bila ya kushtakiwa. Wazee, viongozi wa dini na akina mama waliwasihi vijana wao watoke msituni. Tarehe 24 Desemba 2002 UNRF II walitia saini mapatano na serikali huko Yumbe, wilaya inayopakana na Koboko. Hapa historia inampita Shaaban Robert hatua moja. Katika Kusadikika lango la gereza linafunguliwa kwa neno la mfalme, na umma unabaki kusikiliza. Katika West Nile umma wenyewe ulikuwa miongoni mwa wafunguaji.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Kama methali ya samaki ni silaha ya waadhibuji, methali ya "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" imekuwa kichaka cha wasameheji. Kwa mjane wa Ombaci yaliyopita ni ndwele hasa. Kwa aliyekatwa na waasi, akamwona aliyemkata amerudi kijijini na hati mkononi, msamaha ulitolewa na serikali kwa niaba yake bila ya yeye kuulizwa. Uganda haikupata sera ya taifa kuhusu haki ya kipindi cha mpito hadi mwaka 2019, miaka kumi na tisa baada ya sheria ya msamaha. Kwa hiyo kujumuisha kunakomrudisha mkosaji na kumwacha mkosewa nje ya mlango si kujumuisha. Ni kubadilisha tu anayetengwa. Juu ya jambo hili riwaya yetu haitupi msaada, maana inaishia pale furaha ya kufunguliwa inapoanza. Hatuwaoni wajumbe wakikaa tena baraza moja na waliowafunga.

Mfano wa kujumuisha kuliko kamili zaidi tunauona Bidibidi, katika Yumbe. Mahali hapo wapiganaji wa UNRF II walikusanywa wakati wa mapatano. Mwaka 2016 wenyeji walitoa ardhi hiyo hiyo kwa wakimbizi wa Sudan Kusini, na katika muda wa miezi michache zaidi ya watu laki mbili wakapata makao. Wengi wa wenyeji hao walikuwa wakimbizi Sudan na Zaire katika miaka ya 1980. Walipokewa, nao wakapokea. Maisha hayo si mepesi, na kuni, maji na mashamba huleta ugomvi. Lakini hakuna aliyengoja kwanza kujua mgeni ametoka kwenye kabila la nani.

Turudi darasani. Tangu mwaka 2020 Kiswahili ni somo la lazima katika mtaala mpya wa sekondari za chini nchini Uganda, na miongoni mwa tunaowafundisha wamo wajukuu wa waliokimbia na wajukuu wa waliofukuza. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, methali zifundishwe kwa kupimwa, si kwa kukaririwa. Mwanafunzi aruhusiwe kusema kwamba samaki wa methali si binadamu. Pili, swali la dhamira ya Kusadikika liongezwe sehemu ya pili: baada ya gereza kufunguliwa, nani anadaiwa nini, na nani ataulizwa?

Mwanafunzi wa Koboko asipewe jibu la swali hilo na mwalimu. Apewe nafasi ya kulijibu, kwa Kiswahili, mbele ya wenzake wa Gulu na wa Masaka.