Kinachobaki Juu ya Ushanga

Mama mmoja wa Malukhu, mjini Mbale, hachagui karatasi ya kusokotea shanga kwa picha iliyo katikati yake. Kalenda ya mwaka uliopita ina ziwa, mashua na machweo. Yeye anauruka uzuri wote huo na kutazama pambizo. Anausugua ukurasa kati ya kidole gumba na cha shahada, anasikiliza mlio wake. Karatasi nyembamba mno hulegea ikiguswa na gundi. Nene mno hukataa kujipinda, na ikiachiwa hufumuka. Anayoipenda ni ile ngumu kiasi ya kalenda na mabango, yenye rangi iliyofika hadi ukingoni. Jirani zake Wamasaaba humwita Mayi. Mimi nilimwita Mama, naye akanionyesha pa kukaa, mahali ambapo kivuli changu hakingeiangukia kazi yake.

Anatia alama kwa kalamu ya risasi. Upande mmoja mfupi wa karatasi ni kila baada ya sentimita 2. Upande wa pili anaanzia sentimita 1 ili alama zipishane. Kisha anaziunganisha kwa mistari ya mshazari na kukata kwa wembe kando ya rula ya chuma. Ukurasa wa A4, wenye urefu wa karibu sentimita 30, hutoa pembetatu kama 20, ndefu na nyembamba, kitako kimoja juu, kingine chini. Vipande viwili vya pembeni hutoka na upande mmoja ulionyooka. Hivyo havitupi: vikisokotwa huwa na umbo la pia, na huwekwa kwenye kopo vingoje kuwa hereni.

Chombo cha kusokotea ni shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Kitako cha pembetatu hulazwa juu yake, na mzunguko wa kwanza ndio wenye hatari. Ukipinda kwa unene wa unywele tu, kosa hilo litakua kwa kila mzunguko unaofuata, na ushanga utatoka bega moja juu, jingine chini. Kwa hiyo mzunguko huo anaufanya polepole kuliko yote, akiukandamiza kwa kucha. Baada ya hapo vidole gumba vinaendesha, vya shahada vinabana, na karatasi inapungua. Zikibaki kama sentimita 3 anapaka gundi nyeupe kwa ncha ya kijiti, anamalizia, anashikilia kwa pumzi chache, anachomoa shazia. Akikuta ushanga umelegea, anaufungua na kuanza upya kabla gundi haijakauka. Hakunji uso anapofanya hivyo.

Niliomba kipande kimoja, nikapiga hesabu. Ukanda wa sentimita 30 wa karatasi yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita huizunguka sindano mara ishirini na kitu. Kitako ni sentimita 2, na ncha haina upana wowote. Maana yake kila mzunguko ni mwembamba kidogo kuliko uliotangulia, na kila upande unaacha wazi ukingo ambao kwa wastani haufiki nusu milimita. Huo ndio ushanga tunaouona: kingo tupu, na tumboni ile ncha ya mwisho. Sehemu kubwa ya karatasi imefichika ndani milele. Ndiyo sababu anatazama pambizo. Mbele ya ukurasa mzima anajua kwamba buluu iliyo kwenye kitako itakaa miisho miwili, na wekundu wa kwenye ncha utakuwa mkanda wa kati. Akitaka kinyume chake, anachukua pembetatu ambazo vitako vyake viko upande wa pili wa ukurasa. Mimi, hata baada ya hesabu yangu, nilibashiri rangi za shanga tatu na kukosa zote.

Kazi hii imeenea Uganda kwa juhudi za watu wengi, lakini jina lisilokwepeka ni la Sanaa Gateja, aliyezaliwa mwaka 1950, akajifunza usonara Uingereza, kisha akarudi na kufundisha vikundi vya wanawake kusokota karatasi zilizokwisha tumika. Yeye mwenyewe hushona maelfu ya shanga hizo juu ya kitambaa cha gome la mti wa mutuba, na mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa wasanii wa banda la Uganda kwenye maonyesho ya Venice. Hapa Malukhu safari ni fupi zaidi: mikufu hupanda gari la njia ya Tirinyi kwenda Jinja, ambako wageni waliokuja kuona chanzo cha Nile hununua mapambo.

Vanishi hungoja jua. Shanga hutungwa kwenye mshipi wa kuvulia, zikiachana kidogo zisigandane, kisha mshipi mzima unachovywa, unakung'utwa na kuanikwa kati ya misumari miwili. Mara tatu, kila tabaka likauke kwanza. Mlima wa Wanale ukivaa wingu mchana, hachovyi, kwa sababu unyevu huiachia vanishi ukungu mweupe usiofutika. Siku hiyo atakata karatasi tu, mteja apige simu asipige.

Kuna mkufu mmoja usiouzwa. Kila akimaliza fungu la kazi hutoa ushanga mmoja na kuutunga humo, na si lazima uwe mzuri. Mwanzoni kuna zilizopinda, nene, zenye gundi iliyovuja. Baadaye zinanyooka, kisha kwa muda mrefu zinafanana mno. Alikionyesha kipande hicho kwa kidole. "Hapa nilikuwa nimejua," alisema, "nikaacha kutazama." Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko mzunguko wa kwanza: kulikagua fungu lisilo na dosari na kuona kwamba mkono umelala. Wanunuzi wa Jinja hawalalamiki. Wao hupenda shanga zinazolingana.

Ushanga uliofuata kwenye mkufu ule una ngazi. Siku moja alikata ukanda ukachongoka hadi nusu, ndipo ukabaki na upana uleule hadi mwisho, na tumboni pakatokea kituta chenye makali. Sasa anajaribu ngazi mbili. Vanishi hutuama kwenye kona ya ngazi ya pili na kukauka kama chozi, kwa hiyo ameipunguza uzito, anachovya mara nne badala ya tatu, na anageuza mshipi juu chini kila baada ya dakika chache. Binti anayejifunza kwake aliuliza watengeneze ngapi za namna hiyo. Akajibiwa tano, za karatasi tano tofauti, na asichanganye.