Kimya cha Umma katika Tamthilia ya Boris Godunov

Utangulizi

Miongoni mwa madai yanayorudiwa mno kuhusu Warusi ni lile lisemalo kwamba wao ni watu waliozoea kutawaliwa kwa mkono wa chuma, na kwamba tangu enzi za Tsar hadi enzi za makatibu wakuu wa Chama cha Kikomunisti, umma wao umekuwa ukinyamaza tu. Tamthilia ya Alexander Pushkin, Boris Godunov, huweza kutumiwa kwa urahisi kama ushahidi wa dai hilo, kwani humalizika kwa maelekezo ya jukwaani yanayoarifu kwamba umma umenyamaza. Makala haya yanapinga usomaji wa aina hiyo. Yanadai kwamba kimya hicho ni tendo, tena ndilo tendo la kwanza ambalo umma wa tamthilia hiyo unalitenda kinyume cha amri. Hata hivyo, tendo hilo lina upungufu wake, na kazi kadhaa kuu za sanaa ya Warusi zilizofuata zinaweza kusomwa kama majibu kwa upungufu huo.

Usuli wa Tamthilia

Tamthilia inahusu miaka ya 1598 hadi 1605. Tsar Fyodor, wa mwisho katika ukoo wa Rurik uliotawala Moscow, alifariki mwaka 1598 bila mrithi. Ndugu yake mdogo, Dmitry, alikuwa amekufa akiwa mtoto huko Uglich mwaka 1591, katika hali ambayo wanahistoria wanaijadili hadi leo. Baraza kuu la nchi lilimchagua Boris Godunov, shemeji ya marehemu Tsar. Utawala wake ulikumbwa na njaa kuu ya 1601 hadi 1603, kisha akatokea kijana aliyedai kuwa yeye ndiye Dmitry aliyeponea chupuchupu. Kijana huyo aliingia Moscow mwaka 1605, akatawazwa, na kuuawa mwaka uliofuata. Pushkin aliitegemea historia ya Urusi iliyoandikwa na Nikolai Karamzin, naye alikubali tuhuma kwamba Boris ndiye aliyeamuru mtoto auawe.

Pushkin aliikamilisha kazi hii mnamo Novemba 1825, akiwa amezuiliwa kwa amri ya serikali katika shamba la familia yake huko Mikhailovskoye. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Desemba, maofisa wa jeshi waliasi mjini St Petersburg, wakashindwa. Watano wakanyongwa mwaka 1826. Tsar Nicholas wa Kwanza akajifanya mkaguzi binafsi wa maandishi ya Pushkin, na akapendekeza kwamba tamthilia igeuzwe kuwa riwaya ya kihistoria kwa mtindo wa Walter Scott. Pushkin hakuigeuza. Kitabu kilichapishwa kikiwa na tarehe ya 1831, lakini onyesho la kwanza jukwaani lilisubiri hadi 1870, miaka 33 baada ya kifo cha mtunzi.

Machozi, Kelele na Kimya

Umma katika tamthilia hii ni mhusika, wala si pambo la jukwaa. Sauti yake hupitia hatua tatu. Hatua ya kwanza ni machozi. Mbele ya nyumba ya watawa ya Novodevichy, watu wamekusanywa ili wamsihi Boris akubali kiti cha enzi. Wanalia kwa kuwa wengine wanalia. Mmoja anauliza kama kuna kitunguu cha kujipaka machoni, na mama mmoja anambwaga mtoto wake chini kwa kuwa amenyamaza wakati ambapo anatakiwa kulia. Kejeli hapa ni kali: uhalali wa mtawala unajengwa juu ya machozi ya kitunguu. Lakini kejeli hiyo haiwakejeli maskini peke yao. Inamkejeli hasa mtawala anayeyahitaji machozi hayo.

Hatua ya pili ni kelele. Boris akishafariki, mjumbe wa mlaghai, mhusika ambaye Pushkin amempa jina la babu yake wa kale, Gavrila Pushkin, anauhutubia umma katika uwanja wa Moscow. Mhusika huyuhuyu ndiye aliyemweleza jemadari Basmanov kwamba nguvu ya bwana wake haitokani na jeshi wala na msaada wa Wapolandi, bali inatokana na maoni ya umma. Kauli hiyo ndiyo kiini cha falsafa ya kisiasa ya tamthilia nzima. Umma unachochewa, unapaaza sauti, unakimbilia kwenye kasri kumkamata mtoto wa Boris.

Hatua ya tatu ni kimya. Makabaila wanaingia ndani, vilio vinasikika, kisha Mosalsky anatoka na kutangaza kwamba mjane wa Boris na mwanawe wamejiua kwa sumu. Anawaamuru watu wamshangilie Tsar mpya. Watu wananyamaza. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika muswada wa 1825 umma ulitii na kushangilia. Kimya kiliingia katika toleo lililochapishwa. Wataalamu wanabishana iwapo badiliko hilo lilitokana na uamuzi wa kisanaa au na shinikizo la udhibiti. Vyovyote iwavyo, matini iliyowafikia wasomaji ndiyo yenye kimya. Vissarion Belinsky, mhakiki mashuhuri wa karne ya 19, alikisikia ndani yake hukumu ya kutisha inayomsubiri mtawala mpya. Wahenga wetu nao walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hata hivyo, usomaji wa Belinsky hautoshi. Umma unaonyamaza ndio uleule uliotaka damu ya mtoto dakika chache zilizopita. Kimya chake kinamhukumu muuaji, lakini pia kinaficha aibu ya waliomfungulia mlango. Isitoshe, kimya hakimfufui mtu. Mlaghai anatawala licha ya kimya hicho. Pushkin anauonyesha umma uliojitambua katika dakika ambayo imekwisha kupita, na ambao hauna baraza wala chombo cha kuigeuza hukumu yake iwe sheria. Hapo ndipo msiba ulipo. Haupo katika tabia ya Warusi, maana watu waliomfuata Stepan Razin mwaka 1670 na Yemelyan Pugachev mwaka 1773 hawawezi kuitwa wanyamavu kwa maumbile. Pushkin mwenyewe aliiandika historia ya uasi wa Pugachev, ikatoka mwaka 1834.

Majibu ya Waliofuata

Modest Mussorgsky aliigeuza tamthilia kuwa opera. Toleo lake la 1869 lilikataliwa. La pili likaimbwa katika ukumbi wa Mariinsky mwaka 1874, miaka 13 baada ya wakulima kukombolewa kutoka mikononi mwa makabaila. Yeye hakumaliza kwa kimya. Alimaliza kwa maasi karibu na Kromy: umma unafoka, kisha unamfuata mlaghai, na anayebaki jukwaani ni punguani mtakatifu akiililia Urusi. Kwa Pushkin, punguani huyu ndiye pekee aliyemwambia Boris ukweli ana kwa ana, akikataa kumwombea Tsar aliye kama Herode. Mussorgsky anatuambia kwamba kelele nazo zaweza kuwa upofu.

Katika karne ya 20, Anna Akhmatova alitunga Requiem kutokana na miezi aliyosimama kwenye foleni mbele ya magereza ya Leningrad, mwanawe akiwa kifungoni. Katika utangulizi anasimulia kuhusu mwanamke aliyemnong’oneza akimwuliza kama angeweza kuyaeleza hayo, naye akajibu kwamba anaweza. Beti zilihifadhiwa vichwani mwa marafiki wachache, kwani karatasi ilikuwa hatari. Shairi lilichapishwa Munich mwaka 1963, na katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1987 tu. Humu umma haunyamazi wala haufoki; unanong’ona, na mshairi anakuwa kinywa chake. Utawala nao ulielewa uzito wa jambo hili: onyesho la Boris Godunov la Yuri Lyubimov, katika ukumbi wa Taganka mjini Moscow, lilipigwa marufuku mwaka 1982, likaruhusiwa mwaka 1988.

Hitimisho

Mwezi wa Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, walikamatwa nchini Urusi waandamanaji ambao mabango yao hayakuwa na neno hata moja. Polisi waliokamata karatasi tupu walikuwa wasomaji makini kuliko baadhi ya wahakiki: walijua kwamba kimya kina maana. Mhakiki anayekichukua kimya cha Warusi kuwa ni ridhaa anarudia kosa la Mosalsky, aliyedhani kuwa umma uliolia kwa amri utashangilia kwa amri daima. Na anayekichukua kuwa ni ushindi anasahau kwamba mtoto wa Boris amekwisha kufa. Tamthilia hii inamdai msomaji ayashike yote mawili kwa pamoja.