Wiki 6 za Mwanzo Nyumbani Baada ya Kubadilishwa Nyonga

Operesheni ya kubadilisha nyonga humwachia mgonjwa vitu viwili vya tabia tofauti ndani ya mwili mmoja. Cha kwanza ni kiungo bandia, ambacho mara nyingi huweza kubeba uzito tangu siku ya kwanza au ya pili. Cha pili ni nyama zilizokatwa ili kukifikia kiungo hicho, zikarudishwa na kushonwa, nazo bado hazijashikana. Chuma hakina kidonda cha kupona. Nyama ndizo zinazodai muda, na karibu kila katazo ambalo mgonjwa hupewa anaporuhusiwa kutoka wodini linatokana na nyama hizo.

Umbo la operesheni yenyewe bado linafuata msingi uliowekwa na daktari Mwingereza John Charnley katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kichwa cha fupa la paja hukatwa na kuondolewa. Shina la chuma huingizwa ndani ya fupa, juu yake hukaa tufe, na tufe hilo huzunguka ndani ya kikombe kilichopachikwa kwenye tundu la nyonga. Charnley alichagua tufe dogo la takriban milimita 22 ili kupunguza msuguano. Siku hizi matufe ya milimita 28, 32 na 36 ndiyo ya kawaida, na yana faida yake: kadiri tufe linavyokuwa kubwa ndivyo linavyolazimika kusafiri mbali zaidi kabla ya kuruka ukingo wa kikombe. Hata hivyo hakuna kufuli. Kinacholizuia tufe lisitoke ni kifuko cha kiungo, misuli inayokizunguka, na mkao wa mguu.

Njia inayotumika sana kufika huko hupitia nyuma. Mgonjwa hulazwa ubavu, msuli mkubwa wa tako hutenganishwa kwa kufuata nyuzi zake, kisha misuli mifupi inayolizungusha paja kwenda nje hukatwa na kifuko hufunguliwa. Mwishoni vyote hushonwa tena, lakini kwa wiki kadhaa ukuta wa nyuma wa nyonga unategemea uzi. Ndiyo maana mikao mitatu hukatazwa: kuikunja nyonga kupita nyuzi 90, kuuvusha mguu upande wa pili wa mwili, na kuuzungusha mguu ndani. Nyonga ikikunjwa mno, shingo ya shina hugusa ukingo wa mbele wa kikombe na tufe husukumwa nyuma, kama mchi uliolazwa kwenye mdomo wa kinu hadi ncha yake ikainuka. Mikao hiyo mitatu ikikutana kwa wakati mmoja, hatari huwa kubwa kuliko ya mkao wowote peke yake. Aliyepasuliwa kwa mbele ana masharti tofauti: yeye huonywa zaidi kuhusu kuupeleka mguu nyuma na kuuzungusha nje. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari kabla ya kuondoka hospitali ni njia aliyopitia, na jibu liandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa.

Katika miaka ya karibuni madaktari wengi wa Ulaya na Marekani wamelegeza masharti hayo, kwa sababu tafiti zimeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi kuyalegeza hakuongezi sana idadi ya nyonga zinazochomoka. Hoja hiyo ina uzito, ila haifai kuhamishwa ilivyo. Nyumba ambamo mgonjwa hula mezani, hulala kitanda kirefu na kutumia choo cha kukaa humlinda hata akisahau. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimepangwa chini: mkeka, kigoda, jiko la mkaa, beseni la kufulia, ufagio mfupi, choo cha kuchuchumaa. Ndani ya nyumba hiyo kila kazi ya kawaida inavuka nyuzi 90. Orodha ya masharti iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa viti haitoshi hapa. Inabidi nyumba yenyewe ipitiwe, chumba kwa chumba, tena kabla ya siku ya operesheni.

Kipimo kimoja hutosha kwa karibu kila kitu. Mgonjwa akiwa amevaa viatu atakavyotumia, hupimwa kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, kisha huongezwa sentimita 5. Kama mkunjo uko sentimita 43, basi kiti, kitanda na choo visiwe chini ya sentimita 48. Akikaa hivyo, magoti yake hubaki chini kidogo ya nyonga, na hata akiegemea mbele kidogo bado yuko salama. Kimo cha kiti au kitanda kipimwe akiwa ameshakaa juu ya godoro au mto, si kitu kikiwa kitupu, kwa kuwa sponji hudidimia. Kochi la sebuleni hushindwa mtihani huu mara nyingi: kimo chake kinaonekana kinatosha, lakini mtu akikaa anazama, magoti yanapanda, na ili anyanyuke inabidi ainame mbele kabisa. Kiti kigumu cha meza ya chakula chenye mikono ni bora kuliko kochi la thamani yoyote.

Choo ndicho kinachostahili matayarisho makubwa kuliko vyote. Kuchuchumaa huikunja nyonga hadi mwisho wake, hivyo hakuna namna ya kuchuchumaa kidogo. Penye choo cha shimo au cha bakuli la chini, seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao kisicho na kitako, chenye tundu la kutosha, miguu minne iliyotanuka na mikono miwili ya kushikilia, kikawekwa juu ya tundu la choo. Kiti cha plastiki kilichokatwa katikati kwa kisu ni cha bei nafuu lakini ni cha hatari: kitako ndicho kinachozuia miguu yake isitanuke, kwa hiyo kikishakatwa kinaweza kufunguka ghafla mtu akiwa juu yake. Miguu ya kiti cha mbao ifungwe mpira chini, maana sakafu ya choo haikauki. Kipande cha bomba au mbao kilichokazwa ukutani kwa kimo cha kiuno humsaidia mgonjwa kunyanyuka bila kumvuta mtu mwingine shingo. Usiku taa iwe karibu, na kama choo kiko uani, chombo cha kujisaidia kiwekwe chumbani. Ni aibu ya siku chache, wakati kuteleza kwenye njia yenye giza kunaweza kuvunja fupa linaloshika shina.

Kuoga hupangwa kwa kanuni hiyohiyo. Ndoo ikiwa chini, kila kopo la maji ni kuinama. Ndoo ikipandishwa juu ya stuli na mgonjwa akakaa kwenye kiti kilichopimwa, anaoga mwenyewe isipokuwa miguu, ambayo husuguliwa kwa sponji iliyofungwa kwenye fimbo au na mtu wa nyumbani. Anayeswali husaidiwa kumiminiwa maji na kuoshwa miguu wakati wa udhu, kisha huswali akiwa amekaa kitini na kuashiria rukuu na sujudu kwa kichwa bila kuinamisha kiwiliwili sana. Dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo, na wazee wengi hufarijika wakiisikia kutoka kwa imamu wao kuliko kutoka kwa muuguzi.

Chumbani, godoro halilazwi sakafuni. Kitanda kifupi huinuliwa kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa tundu la kuingiza mguu wa kitanda. Matofali mawili yaliyopandana husogea. Mgonjwa hulala chali, au ubavu wa upande mzima akiwa na mto mnene kati ya miguu, toka magotini hadi vifundoni, ili mguu wa juu usidondoke mbele. Chandarua nacho kina hatari yake. Kukichomeka chini ya godoro kunataka mtu ainame, ajinyooshe na ajipinde kwa wakati mmoja, yaani karibu mikao yote iliyokatazwa, na hufanywa usiku mtu akiwa na usingizi. Kazi hiyo iwe ya mtu mwingine, na upande wa kushukia uachwe wazi kufunguka bila kuunasa mguu.

Jikoni, mbuzi ya nazi iwekwe kando kabisa. Anayekuna nazi hukaa karibu na sakafu, magoti juu, mapaja yamebana kibao, kiwiliwili kimeinama juu ya sahani. Hakuna kiti cha nyumbani kinachoikunja nyonga kuliko hicho. Mwanamke aliyekuna nazi maisha yake yote hukikalia bila kufikiri, hasa wiki ya nne, maumivu yakiwa yamepungua na wageni wamekuja. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya meza ya matofali au kazi hiyo ichukuliwe na mwingine. Kuchambua mboga, kumenya viazi na kukata vitunguu mezani ni kazi zinazofaa, na ni vizuri ziachwe kwa mgonjwa. Mavazi ya pwani yana faida hapa: kanga, dera, kikoi na msuli huvaliwa bila kuinua mguu. Suruali huanza na mguu uliopasuliwa wakati wa kuvaa, na huishia nao wakati wa kuvua. Pindo la dera lipunguzwe lisiburute, na kandambili zibadilishwe kwa kiatu kilichofunga kisigino, kisicho na kamba za kufunga.

Kutembea ndiyo dawa kuu ya kipindi hiki, na ndipo familia nyingi hukosea kwa upendo. Mgonjwa hulazwa, huletewa kila kitu, huambiwa asijisumbue. Misuli ya pembeni mwa nyonga, ambayo kazi yake ni kuizuia nyonga isiinamie upande mmoja mtu anaposimama kwa mguu mmoja, hunyauka kwa kukaa. Misuli hiyo hufanya kazi kubwa: mtu anapotembea, mzigo unaopita kwenye nyonga hufikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mzigo huo hutokana na mvuto wa misuli yenyewe. Gongo likishikwa mkono wa upande mzima huipunguzia kazi. Likishikwa upande uliopasuliwa, kama wengi wanavyofanya kwa kudhani wanauegemeza mguu mbovu, msaada huo hupotea. Kwa kawaida safari huanza na fremu au magongo mawili, kisha gongo moja. Matembezi mafupi mara nyingi kwa siku yana faida kuliko moja refu. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na uliopasuliwa hutangulia kushuka pamoja na gongo. Wakati wa kugeuka, mgonjwa hupiga hatua ndogondogo na kuzunguka mwili mzima. Akisimama juu ya mguu mpya na kujipinda kuelekea upande wake, anauzungusha ndani.

Kwenye gari, kiti cha mbele husukumwa nyuma na kuongezewa mto. Mgonjwa hutanguliza makalio, kisha huingiza miguu yote miwili pamoja akiwa ameegemea nyuma. Bodaboda haifai kabisa katika wiki hizi.

Damu kuganda ndani ya mishipa ya mguu ni hatari isiyoonekana, na haimaliziki mtu anapotoka hospitali. Dawa ya kuizuia, iwe sindano za enoksaparini, vidonge vya rivaroksabani au aspirini, huweza kuendelea hadi siku 35, kwa hiyo zihesabiwe kabla ya kuondoka wodini ili zisikatike katikati. Diklofenaki ya dukani isiongezwe juu yake bila daktari kujua, kwani huongeza uwezekano wa kutoka damu. Kukunja na kunyoosha vifundo vya miguu mara kwa mara, hata kitandani, husukuma damu. Kuchua ni jambo jingine. Shavu la mguu likivimba, likauma na kuwa la moto, halichuliwi wala kukandwa, kwa sababu bonge la damu linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Wajuzi wa kuchua wanaheshimika mitaani na wana kazi yao, ila mguu huu uwaepuke.

Kuvimba kwa namna nyingine ni jambo la kawaida. Paja huvimba, na weusi wa damu iliyovia huweza kushuka hadi gotini au kifundoni. Mgonjwa akilala na kuinua mguu juu ya mito, uvimbe hupungua. Kidonda hubaki kikavu na kimefunikwa hadi nyuzi au pini zitolewe, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Maji ya moto ya chumvi, majani na mafuta visiguse mshono. Vijidudu vikilifikia tufe na shina huwa vigumu mno kuviondoa, na wakati mwingine kiungo chote hutolewa. Mwenye kisukari aangalie kipimo chake kila siku katika wiki hizi. Mwenye selimundu, ugonjwa unaoua kichwa cha fupa la paja hata kwa vijana, anywe maji ya kutosha na asikae kwenye baridi. Vidonge vya tramadoli vya kutuliza maumivu hufunga choo, na kujikamua juu ya kiti kipya ni mateso: papai, mboga za majani, maharage na maji viongezwe tangu siku ya kwanza ya vidonge hivyo.

Dalili zinazomrudisha mgonjwa hospitali siku hiyohiyo ni chache na ziko wazi. Maumivu ya ghafla ya nyonga, mguu ukaonekana mfupi na umegeukia ndani au nje, na mgonjwa hawezi kusimama: nyonga imechomoka, na asijaribiwe kuvutwa nyumbani. Kifua kubana, pumzi kukata au kukohoa damu ni dharura. Usaha, majimaji yasiyokoma, homa, au wekundu unaotanuka havisubiri tarehe ya kliniki.

Kliniki ya wiki ya 6 huwa na picha ya eksirei na uchunguzi wa mwendo. Hapo kuendesha gari, kulala ubavu wowote, tendo la ndoa na kazi za kukaa huweza kuruhusiwa kimoja baada ya kingine, na mgonjwa aulize kila kimoja kwa jina lake. Kigoda, mbuzi ya nazi na choo cha kuchuchumaa viwemo katika maswali hayo, kwa sababu daktari asiyeulizwa huweza kusema tu kwamba mgonjwa aendelee na shughuli zake. Kwa waliopasuliwa kwa nyuma, kuchuchumaa kabisa huweza kukatazwa muda mrefu zaidi, pengine moja kwa moja. Kiti cha seremala kibaki chooni.