Fundi wa Antena wa Mwaloni Kirumba

Wenye boti wengi wakinunua simu ya upepo huuliza bei ya redio, na antena huchukuliwa yoyote iliyopo dukani. Fundi anayeijua kazi yake pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, huanzia kwenye boti. Ataizunguka, atapanda, atagonga paa la kibanda cha nahodha kwa vidole asikie kama ni bati, mbao au fiber. Redio bado iko kwenye boksi lake.

Kugonga huko kuna sababu. Redio za majini hufanya kazi kwenye masafa ya VHF. Chaneli ya 16, ya kuitana na kuomba msaada, iko kwenye MHz 156.8, na wimbi lake lina urefu usiofika mita 2. Antena ya robo ya wimbi ni fimbo fupi, haifiki nusu mita, na ni rahisi kuitengeneza. Ila inadai bati pana chini yake, maana bati hilo ni nusu ya pili ya antena.

Boti ya mbao haina bati la kutegemea. Fundi huchagua antena ya nusu ya wimbi, inayojitosheleza. Hapo ndipo ubishi huanza.

“Fundi, si uniwekee hii ndefu yenye dB 9? Wanasema inafika mbali.”

“Mzee, hiyo ni ya meli. Boti yako ikilala huku inaongea na sangara, ikilala kule inaongea na ndege.”

Ni mzaha, lakini fizikia yake ni sahihi. Antena yenye dB nyingi haiongezi nguvu. Inabana nguvu ile ile iende bapa, kama tochi iliyokazwa mwanga. Kwenye meli nzito inayotulia ni faida. Mawimbi ya ziwa letu, Victoria, ni mafupi na yamesimama, na boti ndogo haikai wima hata dakika moja. Ya dB 3 inatosha.

Kimo kina kazi kubwa kuliko dB. Antena iliyo mita 4 juu ya maji hufika kilomita 8 hivi hadi upeo wake; ikiongea na boti nyingine yenye kimo hicho, zinakuwa 16. Ukitaka umbali mara mbili, kimo kiwe mara nne, na hakuna mtumbwi utakaobeba mlingoti huo.

Mimi nikisimama kumtazama fundi, nasubiri afike kwenye kichwa cha kebo. Anachuna gamba jeusi bila kukwangua nyuzi za shaba zilizosukwa chini yake. Anazirudisha nyuma, anachuna plastiki nyeupe ya ndani, anabakiza waya wa katikati. Kisha anainua ncha ile juani na kuigeuza polepole, akitafuta uzi mmoja uliotoroka, kwa sababu uzi mmoja tu ukigusa waya wa kati, redio nzima imekufa. Kulehemu kunataka moto mwingi kwa muda mfupi: ukichelewa, plastiki inayeyuka na waya unahama, ukiogopa, risasi inabaki kitonge kilichofifia kisichoshika. Ikishika vizuri, inatambaa na kung'aa. Halafu anaipima kebo peke yake kabla ya kuiunga na antena, kwani antena nyingi za aina hii kwenye mita huonekana zimepiga shoti hata zikiwa nzima. Asiyejua hilo atabomoa kazi nzuri.

Mwisho anavingirisha mkanda wa mpira, anaacha kebo ining'inie kidogo kabla ya tundu la kibandani ili maji yadondoke nje. Kazi hii haionekani, na wengi wanairuka.

Kisha mita nyingine, ya SWR. Inaonyesha kiasi cha nguvu kinachokataliwa na antena na kurudi redioni. Ikisoma 1.5, kinachorudi ni asilimia 4. Ikisoma 3, robo nzima inarudi, na redio ya wati 25 inaanza kujiumiza yenyewe. Fundi hupima kwa wati 1, kwenye chaneli ya kazi, kamwe si kwenye 16. 16 haichezewi: simu ya mkononi humpata mtu mmoja, tena mnara ukiwepo; chaneli ya 16 husikiwa na kila aliye karibu mwenye redio iliyowashwa, na ziwa hili lina kilomita za mraba 68,800.

Wewe mwenye boti, kata leseni ya redio kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Na kabla hujamlipa fundi, mwambie akuonyeshe mita kwenye chaneli ya chini, ya kati na ya juu. Ikizidi 2, bado hajamaliza.