Mstari wa Nukta

Katika ramani ya jiolojia, mpaka kati ya mwamba na mwamba huchorwa kwa namna tatu. Mstari mzima ni kiapo: nilifika hapa kwa miguu yangu, nikaona jiwe hili linakutana na lile. Mstari wa vipande ni wa mtu aliyeona huku na kule, akaunganisha katikati. Mstari wa nukta ni wa mpaka uliofukiwa na udongo: upo mahali fulani hapa chini, sijauona, ninakisia. Sijui fani nyingine ya chuo kikuu inayomtaka kijana wa miaka ishirini na miwili aonyeshe kwa wino, kwenye kazi itakayosahihishwa, ni wapi hasa alipokisia. Mwanasheria hana mstari wa nukta. Mwanasiasa ndiyo usiseme.

Mimi nilikwenda kusoma jiolojia bila kujua lolote kuhusu mistari. Mtu wa Tarime akisema anakwenda kusoma mawe, hakuna anayemuuliza mawe gani. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza kazi Nyamongo, huko kwetu Tarime, mwaka 2002, na kabla yake wachimbaji wadogo walikuwa wamekwisha kuitoboa ardhi ile kwa maduara yao, wakishuka kwa kamba katikati ya magogo ya matimba, wakipandisha mbale, yaani mawe yenye dhahabu, wakiisaga na kuikamata dhahabu yake kwa zebaki. Nyabigena, Nyabirama na Gokona yalikuwa majina ya mahali kabla ya kuwa majina ya mashimo. Kwa hiyo nilipoagwa pale nyumbani niliagwa kama mtu anayekwenda kuchukua ufunguo wa ghala.

Kumbe Dar es Salaam haina mawe. Mlimani, kilipo chuo, pamekaa juu ya mchanga na udongo, na mwamba wa maana ulio karibu ni chokaa ya matumbawe ya kilima cha Wazo, ambayo huchomwa ikawa saruji. Mwanafunzi hukutana na miamba kwenye droo, kila kipande kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe, na kwa miezi mingi anaipima dunia kwa viganja. Nililalamika sana wakati ule. Siku hizi naona ilikuwa bahati, kwa sababu ndiyo iliyonikalisha mbele ya darubini.

Jiwe hukatwa kipande, hubandikwa kwenye kioo, kisha husagwa hadi unene wake ubaki milimita 0.03. Hapo hata basalti iliyo nyeusi kama sufuria ya ulezi hupitisha mwanga. Ukiliweka katikati ya vichujio viwili vilivyopishana na kuanza kuzungusha meza ya darubini, kwatzi inazimika na kuwaka katika kijivu chake, feldspari inajitokeza na milia kama pundamilia, olivini inalipuka rangi za kanga mpya. Watu hudhani jiolojia ni kazi ya nyundo na buti. Nusu yake ni kukaa kimya chumbani, shingo imeinama, ukizungusha kitu kidogo polepole mpaka kikubali kusema ni nini. Nilitoka mle na macho mekundu na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu wa nyumbani kwa simu.

Lakini fani yenyewe iko uwandani. Nilipopata nafasi ya kuchora ramani karibu na kwetu, kipande cha ardhi kati ya mteremko wa Utimbaru na Mto Mara, nilifika na nyundo, lenzi inayokuza mara kumi, dira yenye kipimo cha mshazari, chupa ndogo ya tindikali hafifu, daftari, na barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji. Barua haikutosha. Kijana anayetembea mashambani na daftari, akisimama, akipima, akiandika, kwa watu wa huku ana maana moja tu: mthamini amekuja, mgodi unapanuka, fidia iko njiani. Kesho yake asubuhi nilipita tena njia ile ile nikakuta miche imepandwa kwa mistari iliyonyooka pale palipokuwa na majani matupu jana. Watu walikuwa wametegesha. Neno hilo, kutegesha, huko Nyamongo lina maana yake: unapanda haraka au unajenga kibanda ili mlipa fidia akukute una mali. Sikucheka. Na wao walikuwa wanachora mstari wa nukta, wakikisia kilichoko chini na nani atakuja kukitaka.

Juu ya mteremko kuna fonolaiti, lava iliyomwagika zaidi ya miaka milioni kumi iliyopita. Jina lake Wazungu walilitoa kwenye neno la Kigiriki la sauti, kwa kuwa bamba lake likigongwa hulia kama chuma; watoto wachunga ng'ombe wanalijua hilo bila Kigiriki. Mpasuko uliouinua ukingo wa mteremko huo ni ule unaoendelea hadi Kenya, ambako watalii wa Maasai Mara huuita ukingo wake Oloololo. Chini ya ukingo, upande wa mto, kuna granaiti, na kuna mkanda wa lava za kale sana zilizokandamizwa na kupikwa hadi zikawa kijani, kijani cha kloraiti na epidoti. Mkanda huo wa Musoma na Mara ndio uliobeba dhahabu.

Kale sana ni kale gani? Mwaka 2006 Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, walichapisha umri wa mkanda huo. Waliupata ndani ya chembe za zirkoni, punje ambazo jicho tupu halizioni vizuri; urani iliyonaswa humo tangu punje ilipozaliwa hugeuka risasi taratibu, kwa mwendo unaojulikana, na kwa kulinganisha viwili hivyo unasoma saa. Saa ilisema takriban miaka bilioni 2.67.

Sasa iweke pamoja miamba hiyo miwili, fonolaiti na ule wa kijani. Mahali fonolaiti inapolalia mwamba huo wa kale, chini ya kiganja chako kuna mwamba wa miaka bilioni mbili na nusu na ushei, na juu ya kiganja hicho hicho kuna mwamba wa miaka milioni kumi na kitu. Katikati hakuna kitu. Milima iliinuka ikaliwa na mvua, bahari nyingine huko duniani zikafunguka na kufungwa, dinosari wakaja wakaenda, na hapa Tarime halikubaki hata vumbi la kuandikia. Mwalimu alikuwa ametufundisha darasani kwamba pengo nalo ni ushahidi, tukaandika kwenye daftari, tukafaulu mtihani. Mimi nililielewa siku nilipoweka kiganja kwenye pengo lenyewe, mgongo kwenye jua, ng'ombe wakinipita.

Mama yangu hakuwahi kuhitaji ramani yangu kwa sababu alikuwa na yake. Juu, udongo mwekundu mzito, ndizi na kahawa. Chini, kichanga kinachotokana na granaiti, muhogo. Bondeni, mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunasa miguu masika. Nilimwomba anionyeshe kichanga kinapoanzia. Aliondoka na jembe, akawa analidondosha kila baada ya hatua chache, kisha akasimama. "Hapa jembe linabadilika sauti," alisema. Nilipima: mpaka wake ulikuwa hatua kama ishirini chini ya mpaka wangu. Tulibishana kidogo, kisha nikagundua kwamba wote tuko sahihi. Mimi nilikuwa nimechora mwamba, yeye alikuwa amechora udongo, na udongo huteleza mteremkoni mwaka hadi mwaka bila kumuaga mwenye shamba.

Wachimbaji wadogo nao wana elimu yao, na mwanafunzi mwenye akili hukaa nayo kitako kabla ya kutoa maneno yake ya kitabu. Mmoja wao, mzee mwenye vidole vilivyopinda, alinionyesha vipande viwili vya kwatzi. Kimoja cheupe safi kama chumvi, akakitupa. Cha pili kichafu, kimejaa vishimo vya rangi ya kutu, akakirudisha mfukoni. "Jiwe zuri halina kitu, mura," alisema, akiniita kijana kwa lugha ya kwetu. Kitabu kingesema: pairiti iliyokuwa kwenye vishimo imeoza kwa mvua ikaacha kutu, na dhahabu, isiyooza, imebaki. Kitabu kingeongeza ambalo mzee hakulisema: pairiti hiyo hiyo ikifukuliwa kwa wingi na kukutana na hewa na maji huzaa tindikali. Mwaka 2009 wakazi wa karibu na Mto Tigithe walilia kuhusu maji yao baada ya majitaka yenye tindikali kuvuja kutoka mgodini. Anayejifunza kuitambua dhahabu kwa kutu yake ameshajifunza, atake asitake, jinsi mto unavyoharibika.

Upande wa pili wa Mto Mara, wilaya ya Serengeti, nilikwenda kwa siku chache tu na sina mengi ya kujivunia. Karibu na Ikoma mikanda hii ya miamba ya kijani hutokeza tena, na ndani ya hifadhi kuna mahali panapoitwa Kilimafedha ambapo dhahabu ilichimbwa enzi za ukoloni. Ng'ambo ya mpaka, Lolgorien nchini Kenya, kuna mgodi unaoitwa Kilimapesa. Fedha huku, pesa kule: mpaka wa wanadamu umeshindwa hata kubadilisha jina la tamaa. Jambo nililolishika ni onyo tulilopewa kuhusu miamba ya milia ya chuma inayopatikana katika mikanda ya namna hii. Ukiisogelea, sindano ya dira inavutwa, na kaskazini yako si kaskazini tena. Inabidi ushike mwelekeo kwa kutazama vilima vya mbali, au jua, na kuacha chombo ulichokinunua kwa tabu kipumzike mkobani.

Nilirudi Dar es Salaam na ramani yangu, granaiti nyekundu, miamba ya kijani kwa kijani, fonolaiti zambarau. Nilikuwa nimeichora vizuri. Mhadhiri aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka ncha ya kalamu kwenye mpaka kati ya kijani na nyekundu, mstari mzima, mweusi, usio na wasiwasi.

"Hapa uliona nini?"

Nikatazama. Nikatamani kutoroka.

"Niliona nyumba yetu," nilisema.

Darasa lilicheka mpaka na yeye akacheka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona mwamba wa kijani kwenye kijito, mita mia tatu magharibi, na granaiti kwenye kilima, mashariki, na katikati kulikuwa na udongo, zizi, migomba na boma letu. Nilijua pale kwa kuzaliwa, na kwa kuwa nilipajua hivyo nilidhani nimepaona. Nikaufuta mstari. Nikaweka nukta, zikipita mashariki mwa nyumba, kwa hiyo nyumba ikabaki kwenye kijani. Hilo la kijani sikuweza kuliacha. Huko ndiko kwenye dhahabu, na mtoto wa Tarime ni mtoto wa Tarime.

Likizo iliyofuata nilimwonyesha Baba. Alivaa miwani, akaitafuta nyumba yake, akagusa nukta moja moja kwa ukucha.

"Hivi vitone ni nini?"

"Ni mahali ambapo sikuona, Baba. Nimekisia."

"Umesoma miaka yote hiyo ukisie?"

Sikuwa na jibu zuri. Aliikunja ramani kwa uangalifu akanirudishia.

Miezi michache baadaye alichimba choo kipya, karibu na ukuta wa jikoni. Futi kumi na mbili chini, mchimbaji akagonga mwamba. Baba hakunipigia simu. Alimpa kondakta wa basi mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya katani, na mimi nikaenda kuupokea stendi nikidhani ni karanga. Ndani kulikuwa na jiwe ukubwa wa ngumi, bado lina udongo.

Nililivunja nje ya bweni. Lenzi ilitosha, darubini haikuhitajika: kwatzi, feldspari ya waridi, vipande vya maika vinavyong'aa. Granaiti. Nikachukua ramani, nikafuta nukta saba, nikazichora upya upande wa magharibi wa nyumba, kati ya zizi na kijito. Kisha kwenye mahali pa choo nikaweka alama ndogo ya msalaba, ile inayomaanisha mwamba umeonekana hapa.